Mjomba, kuhusu wanaolala nje huku

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Huku wazima, baridi tu ndiyo inayotusumbua. Nimefurahi kusikia korosho zimeshafika ghalani.

Uliniuliza kwenye simu inakuwaje Uingereza, nchi yenye pesa, mtu analala barazani kwa duka. Nilikujibu kwa haraka, sasa nikueleze vizuri.

Sheria ipo, tena ya zamani. Tangu 1977 halmashauri zimebebeshwa wajibu wa kuwapatia makazi wasio na pa kuishi. Kwa England inayotumika sasa ni Sheria ya Nyumba ya 1996, iliyoongezewa nguvu na nyingine ya 2017: mtu akibakiza siku 56 apoteze nyumba, halmashauri ianze kumsaidia. Ila makazi yenyewe hawapewi wote. Wanatangulizwa wenye watoto, wajawazito, waliokimbia kipigo, waliounguliwa nyumba, na waliodhoofishwa na uzee au maradhi. Kijana mwenye afya husaidiwa kutafuta, na asipopata anabaki nje. Wageni wenye viza ya kazi kama mimi hatumo kabisa. Hapo naona sheria imekosea, maana baridi ya Januari inaua hata mwenye afya.

Mwenzangu mmoja, mzaliwa wa Nachingwea mwenye uraia wa huku, alitolewa na mwenye nyumba pamoja na wanawe wawili. Nilikwenda naye halmashauri kumtafsiria. Wakapewa chumba kimoja kwenye hoteli, jiko na bafu wanachangia na watu wasiowajua. Sheria inakataza familia yenye watoto kuwekwa mahali pa namna hiyo zaidi ya wiki 6. Wiki 6 zikapita, wapo palepale. Kisha wakapewa nyumba mji mwingine, mbali na shule na mbali na hospitali anakotibiwa yule mdogo mwenye selimundu.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Kumbe sheria inataka makazi yawe yanayofaa familia hiyo hasa: afya yao, shule, uwezo wao wa kulipa. Mwanasheria wa msaada wa bure alimshauri ahamie kwanza, kisha ndani ya siku 21 aombe uamuzi upitiwe upya. Akatukumbusha kesi ya 2015, ya mama wa watoto 5 aliyetolewa Westminster, katikati ya London, kupelekwa kando ya Milton Keynes, mji ulio mbali nje ya London. Mahakama ya Juu ilisema halmashauri lazima ieleze kwa nini haikupata pa karibu zaidi. Mwenzangu aliomba, na akarudishwa karibu na hospitali.

Kwetu ukuta wa udongo ukianguka masika, wewe ndiye unayefungua mlango. Mungu akulipe. Lakini nyumba ya mjomba ikijaa je? Na asiye na ndugu Mtwara, aliyefuata kibarua bandarini, aende kwa nani? Natamani halmashauri ibebe wajibu huo kwa maandishi, na mwananchi awe na pa kukata rufaa. Wewe ni mwenyekiti wa mtaa. Kwenye mkutano ujao muulize diwani: mvua ikibomoa nyumba Chikongola, ofisa gani anawajibika kuipatia familia pa kulala usiku huohuo, na kwa muda gani? Ombeni jibu liingie kwenye muhtasari.

Msalimie mkazamjomba na wadogo zangu wote. Fedha ya bati naituma mwisho wa mwezi.

Mpwa wako,
London