Gokati ya Babu Yako Sasa Ni Yako

Mwanangu mpenzi,

Babu yako ametangulia, na gokati yake, kile kigari chake kidogo cha mashindano, imebaki kwako kama alivyoagiza. Wengi waliokuja kutupa pole walimsifu kuwa mzee aliyependa mwendo kasi. Ni kweli, lakini alishindana tangu ujana hadi uzee bila kulipwa hata senti, na kilichomdumisha muda wote huo ni uangalifu. Huo ndio nataka uurithi pamoja na vyuma.

Tangu Art Ingels alipounda gokati ya kwanza huko California mwaka 1956, chombo hiki hakina springi wala shokabu. Ekseli ya nyuma ni moja nzima, haina difu ya kuyaachia magurudumu yazunguke kwa kasi tofauti, kwa hiyo magurudumu mawili ya nyuma huzunguka sawasawa hata kwenye kona, ambako la nje lina njia ndefu zaidi. Lazima la ndani linyanyuke kidogo, la sivyo gokati inagoma kukata kona na pua inakwenda mbele moja kwa moja. Kinacholinyanyua ni kujipinda kwa fremu, pembe walizotegewa magurudumu ya mbele unapokata usukani, na uzito wako wewe. Dereva mtu mzima hukaribia nusu ya uzito wote, ndiyo maana babu alishughulikia kiti kabla ya kugusa injini.

Kiti chake kitakupwaya. Usijaze sponji, tafuta kinachokubana kiunoni, kisha upime gokati ukiwa umekaa, mizani minne, moja chini ya kila tairi. Anza na asilimia kama 43 ya uzito mbele na 57 nyuma. Na uvae kinga ya mbavu, maana mtetemo wote wa barabara unaishia ubavuni.

Injini ni ya cc 100, ya mipigo miwili, haina klachi. Haina oili ya peke yake ndani. Oili huja na petroli. Kwa injini hii babu alichanganya mililita 250 za oili kwenye lita 5 za petroli, akatikisa galoni kila kabla ya kumimina. Mchanganyiko uliolala miezi mingi mwage, usiutumie. Daiframu ya kabureta, ile ngozi nyembamba inayopitisha petroli, nayo ibadilishe kabla hujawasha, kwa sababu ikikaa kavu hukakamaa, petroli haipiti ya kutosha, na pistoni inanata kwenye silinda.

Hapo ndipo injini nyingi hufia. Mwisho wa barabara iliyonyooka ukiachia mafuta ghafla, magurudumu bado yanaizungusha injini kwa kasi kubwa huku petroli imekatika, na oili imekatika pamoja nayo. Babu alikuwa na mkono wake maalumu: angali amekanyaga, sekunde chache kabla ya kona, anaondoa mkono mmoja kwenye usukani, anaziba tundu la hewa la kabureta kwa kiganja, injini inavuta petroli nyingi, halafu ndipo anaachia na kushika breki. Jifunze hilo kwa mwendo wa pole kwanza, mpaka mkono uende wenyewe bila macho kuufuata.

Asubuhi ya baridi hewa huwa nzito, hivyo fungua kidogo sana ile skrubu ya kabureta inayopitisha petroli ya mwendo kasi, kama dakika tano za uso wa saa. Kisha soma plagi baada ya kukimbiza. Kahawia ni salama. Nyeusi yenye unyevu, mafuta yamezidi. Utapoteza nguvu tu. Nyeupe, mafuta hayatoshi, simama hapo hapo.

Mnyororo uache ucheze kama sentimita moja katikati. Ukiukaza sana unakula beringi za ekseli, ukiulegeza unaruka meno. Weka rula ndefu kwenye sproketi zote mbili, yale magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo, uone kama zimenyooka. Tairi zilizoko stoo tupa, mpira umeshakuwa mgumu. Mpya zijaze upepo wa psi 11 zikiwa baridi, upime tena mara tu unapotoka barabarani.

Daftari lake lenye jalada la bluu ni lako pia. Utakuta joto la hewa, upepo wa tairi baridi na moto, idadi ya meno ya sproketi, rangi ya plagi, na muda wa mzunguko. Kila ukurasa umebadilishwa kitu kimoja tu. Ukibadilisha tairi na sproketi kwa pamoja, muda ukipungua hutajua umshukuru nani. Hakupata vikombe vingi, na hilo halikumnyima usingizi. Alipenda kuwaambia vijana kwamba hata Ayrton Senna, yule bingwa wa Formula 1 kutoka Brazili, hakuwahi kuwa bingwa wa dunia wa gokati, alishika nafasi ya pili mwaka 1979 na 1980.

Siku ya kwanza, kabla ya kuondoka, kanyaga breki. Pedali ikizama kama imejaa hewa, toa hewa kwenye mfumo na uweke mafuta mapya ya breki, aina ya DOT 4. Diski ni moja tu, iko kwenye ekseli ya nyuma. Ukiikaba huku umekata usukani, gokati itageuka nyuma mbele. Breki shika ukiwa umenyooka. Ukiweka pistoni mpya, izoeshe kwanza: kanyaga mafuta nusu tu, skrubu ya kabureta wazi zaidi kidogo, mizunguko michache, zima, ipoe kabisa, ndipo urudie.

Mama yako