Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wauguzi wa Usingizi na Ganzi

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji, naomba kuwasilisha taarifa ya mwaka unaoisha. Hesabu atazisoma mweka hazina, na mambo ya mafunzo yamo kwenye kabrasha mliyogawiwa asubuhi. Mimi nitakaa zaidi kwenye jambo lililojaa katika barua zenu mwaka mzima: zamu.

Tulipoanza kukusanya maoni tulitegemea kilio kikubwa kiwe mishahara. Hakikukosekana. Lakini swali lililojirudia kuliko yote lilikuwa hili: nani ananipokea? Mwenzetu mmoja alituandikia siku yake ilivyo. Saa 12:30 asubuhi ameshafika chumba cha upasuaji, peke yake, anakagua mashine ya usingizi: oksijeni ya ukutani na mtungi wa akiba, mirija kama inavuja, mashine ya kufyonza kama inavuta, taa ya laringoskopu (kifaa cha kuangalia koo wakati wa kuingiza mpira wa kupumulia) kama inawaka. Dawa anazivuta kwenye mabomba ya sindano na kubandika jina kwenye kila moja. Mgonjwa wa kwanza analazwa saa 2:00. Kuanzia hapo, kila upasuaji ukiisha, daktari mpasuaji anatoka kunywa chai. Yeye anampeleka mgonjwa chumba cha kuzindukia, anakabidhi, anarudi kumwandaa anayefuata. Chakula cha mchana anakula saa 10:00 jioni, amesimama.

Wapo wanaodhani mgonjwa akishalala, nasi tunapumzika. Ninyi mnajua kwamba hapo ndipo kazi inapoanza. Presha, mapigo ya moyo, oksijeni kwenye damu na kabonidayoksaidi anayoitoa vinaweza kugeuka ndani ya dakika, na mgonjwa aliye usingizini haachwi. Muuguzi wa wodini anaweza kumwomba jirani yake amwangalizie kidogo. Sisi hatuwezi, mpaka apatikane mtu mwenye ujuzi uleule. Kama mtu huyo hayumo kwenye ratiba, mapumziko yaliyoandikwa kwenye mkataba ni wino tu.

Usiku ndio mzigo mkubwa zaidi. Mama anayehitaji upasuaji wa dharura ili ajifungue hasubiri kukuche, na sisi hatutaki asubiri. Tunachokipinga ni kwamba aliyeitwa usiku kucha anakuta jina lake kwenye orodha ya asubuhi, kwa sababu kwa hesabu ya ratiba “alikuwa nyumbani”. Mwaka 1997 Dawson na Reid walichapisha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 utendaji wake hushuka sawa na wa mtu mwenye kiwango cha kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Nchi nyingi humkamata dereva kwa kiwango hicho. Na simu hata isipolia, usiku wa kusubiri kuitwa si wa mapumziko: huwezi kwenda mbali, na mtoto akikuomba umpeleke mahali unamjibu “tutaona”.

Tulipeleka maombi kwa viongozi wa hospitali mnakofanya kazi. Baadhi wamekubali kwamba aliyefanya kazi usiku asipangwe asubuhi yake. Kuhusu mtu wa kupokea katikati ya siku, jibu la wengi ni bajeti. Silikubali jibu hilo, maana upasuaji unaoahirishwa kwa sababu muuguzi ameishiwa nguvu nao una gharama, ila hauandikwi popote.

Pingamizi zito lilitoka kwa wanachama wenyewe: kupokezana katikati ya upasuaji nako kuna hatari, taarifa hudondoka njiani. Ni kweli. Ndiyo maana tumeandaa kadi ya makabidhiano ya ukurasa mmoja: mzio, dawa zilizotolewa na saa zake, njia ya hewa ilikuwa rahisi au ngumu, damu iliyopotea, kinachotarajiwa mbele. Anayepokea anayarudia kwa sauti kabla mwenzake hajatoka mlangoni.

Jambo moja halisemwi sana. Dawa kali zinakaa mikononi mwetu, na uchovu wa muda mrefu umewaponza watu wa fani hii katika nchi mbalimbali, wakaishia kuzitumia wenyewe. Kamati imeteua wanachama wawili wa kusikiliza kwa siri. Majina yao mnayo. Atakayewafuata hatashtakiwa kwa kamati.

Limebaki suala la posho. Wapo wanaoomba wenyewe zamu mbili mfululizo kwa sababu posho ndiyo inayolipa ada za watoto, na kikomo cha saa kitawapunguzia kipato. Mimi nataka kikomo. Nusu ya kamati haitaki kabla posho haijaingizwa kwenye mshahara. Rasimu ya azimio iko mwisho wa kabrasha. Kifungu hicho kitapigiwa kura peke yake, baada ya pande zote mbili kusema.