Usituletee chupa, tupeleke kwenye mto

Karibu kila wiki mtu anafika kwetu hapa Bukavu, sisi wenye kupima mito kwa kuangalia wadudu wake, na chupa ya maji mkononi, anasema papa nipimie hii, nijue kama kamto ketu ni kazuri. Tunamuelewa. Lakini ile chupa inajua habari ya dakika ile tu ulichota, na kama kuna mwenye anamwaga mafuta ya garaji usiku wakati wa mvua, asubuhi maji yale yashafika ziwani, chupa haina cha kusema. Wadudu wa chini ya mawe wenyewe hawahami, wanakaa pale miezi na kila uchafu unapita juu yao.

Kuna papa mmoja mwenye mabwawa ya tilapia upande wa Kabare, samaki wake walikuwa wanakufa alfajiri. Tukaanzia juu ya mto, tukageuza jiwe: mabuu yenye mikia mitatu, matamvua yanapepea ubavuni, na mengine yamejijengea kanyumba ka chembe za mchanga yakizishona kwa uzi wao wenyewe. Wale wanataka hewa nyingi ndani ya maji. Tukashuka hadi chini ya fasi wanaoshea pikipiki, jiwe kama lile lile, hakuna hata mmoja, vijidudu vyekundu tu ndani ya tope. Wekundu ule ni hemoglobini, kama ya damu yetu, inawasaidia kuishi fasi hewa imepungua. Mfereji wa bwawa ulikuwa unachota pale pale! Tukamwambia ausogeze juu.

Kazi yenyewe ni wavu, kuvuruga mawe kwa mguu, sahani nyeupe, na kuhesabu kwa alama za Afrika Kusini, SASS5, ambapo kila familia ya wadudu ina alama kuanzia 1 mpaka 15. Minyoo ya tope inapata 1, wale wasiovumilia uchafu wanapita 10. Jumla unaigawanya kwa idadi ya familia, jibu likiwa juu, mto ni mzuri. Tanzania nao wametengeneza ya kwao, TARISS.

Tuseme wazi: wadudu wazuri si ruhusa ya kunywa. Kipindupindu hawakionyeshi, kwa ile lazima laboratwari, na maji ya kunywa yachemsheni tu.

Na kama mvua kubwa imepiga juzi, tupigie simu tusogeze siku, mafuriko yanakokota wadudu wote na mto mzima utaonekana mgonjwa bure.