"Ile hela tuma kwenye namba hii"

Mhariri,

Windo jepesi la matapeli wa simu ni akina mama wauza ndizi wa Mbuyuni, Moshi, kuliko vijana wanaoshinda mtandaoni. Siku ya soko mama anadaiwa kweli, kwa hiyo ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" humkuta tayari ameshika simu. Tena wengi namba ya siri wamemwachia mjukuu!

Kwanza ampigie mdai kwa namba anayoijua. Ujumbe asiufute, autume kwenda namba 15040 ya kuripoti utapeli. Halafu apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta asiyoitambua, aende duka la mtandao husika na kitambulisho, aombe ifutwe.

Mawakala wa pesa kwa simu,
Moshi