Baba, kura ya Ukara ipimwe sawa na kura ya mjini

Chicago, Marekani
17 Novemba 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo. Mimi ni mzima. Nimeusikiliza mara tatu ujumbe wa sauti ulionitumia kutoka sokoni Mwaloni, unaouliza kwa nini taifa hili kubwa linahesabu majimbo badala ya watu linapotafuta Rais, na kama nasi hatungefaa kuiga ili Ukara na visiwa vingine visimezwe na kura za Dar es Salaam. Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa simu ya dakika tano, ndiyo maana nimeona niandike.

Huku mwananchi anapompigia kura mgombea urais, kisheria anawachagua wajumbe wa jimbo lake, na hao ndio watakaokutana tarehe 17 Desemba, kila kundi jimboni kwake, kumchagua Rais. Jumla yao ni 538, na anayefikisha 270 ameshinda. Kila jimbo hupata wajumbe kwa idadi ya viti vyake katika Baraza la Wawakilishi, yaani sehemu ya Bunge lao inayogawiwa viti kwa idadi ya watu, kisha huongezewa wawili kwa ajili ya maseneta wake, liwe kubwa au dogo, na hapo ndipo mizani inapopinda. California yenye watu wapatao milioni 39 ina wajumbe 54, na Wyoming, isiyofikisha watu laki sita, ina watatu. Ukigawanya utaona kwamba mjumbe mmoja wa Wyoming anawakilisha watu karibu laki mbili, na wa California zaidi ya laki saba.

Wewe umepima dagaa maisha yako yote, Baba. Ninakumbuka siku uliyomkuta mnunuzi ameliinua kidogo kwa goti gunia lililokuwa linaning'inia kwenye mizani, ili lionekane jepesi. Ulishusha mzigo wote ukataka upimwe upya mbele ya watu, gunia kwa gunia, ingawa jua lilikuwa kali na gari lilikuwa linasubiri. Nikizisoma hesabu za wajumbe hawa, naliona goti lile.

Matokeo yake si ya kinadharia. Mwaka 2000 Al Gore alimzidi George W. Bush kwa zaidi ya kura laki tano nchi nzima, lakini urais ukaamuliwa na tofauti ya kura 537 katika jimbo la Florida, ambalo wajumbe wake wote walimwendea Bush. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura karibu milioni 2.9, na bado akashindwa. Safari hii Trump ameongoza kote kuwili, kwa wajumbe 312 dhidi ya 226 wa Kamala Harris na kwa kura za wananchi pia, kwa hiyo malalamiko yametulia. Mimi sijatulia, kwa sababu kanuni ni ileile. Mwaka 1969 Baraza la Wawakilishi lilipitisha pendekezo la kuifuta, likakwama katika Seneti mwaka uliofuata.

Kuhusu hofu yako ya visiwa kusahauliwa, naomba nikueleze nilichokiona kwa macho yangu. Mwenzangu mmoja kazini, mama wa makamo, alitumia Jumamosi zake za Oktoba kusafiri hadi Milwaukee, katika jimbo jirani la Wisconsin, kugonga milango ya watu asiowajua. Nilimuuliza kwa nini hagongi milango ya mtaani kwake. Akanijibu kwamba hapa Illinois, jimbo letu la Chicago, mshindi anajulikana kabla masanduku hayajafunguliwa, na kwa kuwa anayeongoza jimboni huchukua wajumbe wote, kura yake mwenyewe haiongezi wala haipunguzi kitu. Wagombea nao walizunguka katika majimbo saba yenye ushindani. Wyoming, pamoja na upendeleo wake wote, haikuwa miongoni mwake. Utaratibu unaosemekana kuwalinda wadogo haukuwapelekea mgombea, Baba, na sioni kwa nini ungemleta Nansio, huko visiwani kwetu.

Hata hivyo hofu yako ina msingi, na dawa yake iko jirani kuliko Marekani. Wenzetu wa Kisumu, nchini Kenya, ng'ambo ya Ziwa Victoria letu, wana Katiba ya mwaka 2010 inayomtaka Rais apate zaidi ya nusu ya kura zote na, juu ya hapo, angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Kura ya kila mtu inabaki moja, lakini mgombea analazimika kutembea nchi nzima. Sisi mwaka 1995 tulikuwa na sharti la zaidi ya nusu, kisha mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 yakaliondoa, na sasa anayepata kura nyingi kuliko mwenzake yeyote anatangazwa hata kama wengi hawakumchagua. Rasimu ya Katiba mpya iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Warioba ilitaka sharti hilo lirudi. Mimi ninaliunga mkono kwa moyo wote: kura ya moja kwa moja, zaidi ya nusu, na kiwango fulani katika mikoa mingi. Nasema hivyo nikiwa mtu asiyepiga kura huku kwa kuwa si raia, wala huko kwa kuwa yuko mbali, na labda ndiyo sababu kura ya Mama naithamini kuliko alivyowahi kuithamini yeye, aliyekuwa akitoka nyumbani gizani na kigoda chake ili awahi foleni.

Najua utasema kwamba mshindi akikosa nusu itabidi uchaguzi urudiwe, na kwamba fedha hizo zingenunua kivuko. Hoja hiyo sina jibu lake kamili. Naomba uwaulize wazee wenzako hapo Mwaloni kama wangekubali gharama hiyo, kisha uniandikie walichosema, hata wale wasiokubaliana nami.

Nisalimie Mama na wadogo zangu wote.

Mimi mwanao akupendaye.