Barua kwa mwanangu kabla ya kipimo cha utumbo

Tukuyu, Rungwe

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako kutoka Iringa nimeupata, nami naona kinachokutisha ni ule mpira wenye kamera nitakaoingizwa tena wiki ijayo. Kwa watu wengi kipimo hiki hupita salama, na utumbo kutoboka ni jambo la nadra. Mimi, hata hivyo, nina saratani ya utumbo iliyothibitishwa kwa kukata kipande kidogo cha nyama na kukipima, na mara ya kwanza mpira ulishindwa kupita penye uvimbe, kwa hiyo inatupasa kuwa waangalifu zaidi.

Ninachokihofia zaidi ni dawa ya kusafisha tumbo. Njia ikiwa imeziba kabisa, dawa hiyo hujaza maji mahali pasipo na pa kutokea, na utumbo unaweza kupasuka kabla sijafika chumba cha kipimo. Ukiona tumbo limevimba, natapika, wala sipati choo au hata upepo, usininyweshe; mwite daktari kwanza. Njia ikiwa bado ipo, nitainywa nikiwa Mbeya mjini, kwa maana siwezi kusafiri kutoka Tukuyu huku naharisha. Nitashindia chai ya rangi, ingawa kwa Mnyakyusa siku isiyo na ndizi wala maziwa ni adhabu.

Daktari amegusia pia kuniwekea mrija wa waya uliosukwa, ili kupanua palipobana kabla ya upasuaji. Mrija huo huleta nafuu ya haraka, lakini unaweza kuhama, kuziba tena au kutoboa utumbo, na tundu likitokea penye uvimbe, chembe za saratani zinaweza kumwagika tumboni. Ndiyo maana nataka daktari wa upasuaji naye asikilizwe kabla hatujakubali.

Usisahau kuwatajia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda ninayomeza kwa ajili ya moyo, maana wakikata kipande cha nyama cha kupima damu inaweza kutoka kwa wingi; lakini nisiiache kwa uamuzi wangu, kwani damu ikiganda naweza kupata kiharusi.

Baada ya kipimo tutalala Mbeya. Tumbo kujaa gesi kidogo ni kawaida. Maumivu yanayozidi, tumbo kuwa gumu, homa au damu nyingi kwenye choo, hapo turudi hospitali usiku huohuo. Fomu ya ridhaa nitaisaini mwenyewe, ila kabla sijashika kalamu, uliza kama siku hiyo yupo daktari wa upasuaji wa zamu. Kama hayupo, tuombe siku nyingine.

Baba yako