Anayekwenda Kyoto aelezwe njia kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niongezee jambo kwenye kurasa za safari. Kyoto, mji wa Japani, ikitajwa, msomaji huonyeshwa Hekalu la Dhahabu na malango mekundu ya hekalu la Fushimi Inari tu. Vitu hivyo vitamvutia mgeni bila msaada wa mtu. Yanayomtesa anayefika mara ya kwanza ni anwani, basi, viatu na mchuzi, na hayo hayaandikwi.

Mji huu ulianzishwa mwaka 794 kuwa makao ya mfalme wa Japani, ukapimwa kama ubao wa drafti: barabara za kaskazini-kusini zinakatwa na za mashariki-magharibi. Ikulu ilikuwa kaskazini na mfalme aliketi akitazama kusini, kwa hiyo mashariki ilikuwa mkono wake wa kushoto. Ndiyo maana wilaya ya Sakyo, yenye neno "kushoto" ndani ya jina lake, iko upande wa kulia wa ramani, na Ukyo, yenye "kulia", iko kushoto. Aliyejifunza Kijapani kidogo anaweza kupotea hapo zaidi kuliko asiyejua kabisa.

Anwani za katikati ya mji hutaja njia panda, kisha upande wa kuelekea. Agaru ni kwenda kaskazini, sagaru kusini, higashi-iru ni kuingia mashariki, nishi-iru magharibi. Ofisi ya jiji, kwa mfano, huandikwa Teramachi-dori Oike-agaru: simama Teramachi inapokutana na Oike, kisha uende kaskazini. Barabara za Sanjo, Shijo na Gojo zina tatu, nne na tano katika majina yao, na namba hizo hupanda kadiri unavyokwenda kusini. Ukichanganyikiwa kabisa, tafuta mto Kamo. Maji yake yanateremka kusini. Milima unayoiona iko kaskazini, mashariki na magharibi.

Basi la mjini hupandwa mlango wa nyuma, hushukwa wa mbele, na nauli hulipwa wakati wa kushuka. Katikati ya mji ni yeni 230 kwa safari, iwe fupi au ndefu. Kosa la kawaida ni kutumbukiza sarafu ya yeni 500 kwenye kisanduku cha nauli ukingoja chenji. Kisanduku hakirudishi kitu. Vunja kwanza pesa kwenye mashine iliyo hapo hapo kando ya dereva, ndipo utumbukize 230 kamili. Nayo haivunji noti inayozidi yeni 1,000. Fanya hivyo basi likiwa limesimama, kabla ya kituo chako, maana foleni nzima inakusubiri. Kadi ya kulipia kwa kugusisha, kama ICOCA, inaondoa shida yote hiyo.

Kwa Fushimi Inari achana na basi. Panda treni ya JR (kampuni ya reli) ya njia ya Nara kutoka stesheni kuu, ushuke kituo cha pili, Inari. Chagua treni inayosimama kila kituo, kwa sababu ya haraka inapita Inari bila kusimama. Hakuna kiingilio na pako wazi usiku na mchana, hivyo nenda alfajiri. Hekalu liko mlimani: kilele kina mita 233, na kuzunguka mlima wote huchukua kama saa mbili.

Kwenye nyumba za wageni za kienyeji, kuvua viatu mlangoni hakutamshangaza mtu wa kwetu. Kinachomponza ni ndara. Unazivaa kwenye sakafu ya mbao, unaziacha ufikapo kwenye mikeka ya tatami, na chooni kuna ndara nyingine zisizotoka humo. Bafuni, keti kwenye kigoda, jisugue na kujisuuza sabuni yote iishe, kisha ndiyo uingie kwenye maji ya moto. Maji hayo ni ya kujipumzisha, na atakayekuja baada yako ataingia humo humo.

Gion, mtaa wa wasanii wa kike wa jadi, tembea barabara kuu. Tangu 2024 vichochoro vyake vya watu binafsi vimefungwa kwa watalii, na vibao vinataja faini ya yeni 10,000. Maiko, yaani msichana anayejifunza usanii huo, unayemwona anawahi kazini. Usimzibie njia kwa ajili ya picha.

La mwisho ni chakula, na hili ningependa Waislamu walisome mara mbili. Kuuliza tu kama kuna nguruwe hakutoshi. Mhudumu atajibu kwa ukweli kwamba hakuna, na bado mchuzi ukawa umetiwa sake (pombe ya mchele) au mirin, ambayo ni kiungo kitamu cha mchele chenye kilevi. Hata chakula cha watawa wa Kibudha, kisicho na nyama wala samaki, kinaweza kuwa na mirin. Supu ya tambi za ramen mara nyingi huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe ingawa juu yake hujaona kipande cha nyama. Andikiwa maneno matatu kwa Kijapani kwenye karatasi, buta (nguruwe), sake na mirin, umwonyeshe mhudumu kabla ya kuagiza, na umuulize pia mchuzi umepikwa kwa nini.

Msomaji wako,
Tanga